Kukimbia Kili Marathon kwa mara ya kwanza na kuchangisha: miguu, maji na daftari la michango

Anayekimbia kilomita 42.195 ili kuchangia hospitali au kituo cha watoto ana kazi mbili, na ile ya pili ndiyo inayowaumiza wengi. Mkimbiaji wa kawaida akiamka na goti limevimba siku tatu kabla ya mbio, anaahirisha, basi. Mwenye wachangiaji 60 kwenye kundi la WhatsApp hana ujasiri huo. Anameza diclofenac, dawa ya maumivu, anafunga goti bandeji, anakwenda kusimama kwenye mstari. Kwa hiyo kabla ya viatu na kabla ya ratiba, panga michango kwa namna ambayo haitegemei wewe kufika mwisho. Fedha zote zikusanywe kabla ya siku ya mbio, na kila mtu aelewe tangu mwanzo kwamba anachangia wodi ya watoto, hachangii medali yako. Yule wa "ukimaliza nakupa laki" mshukuru, kisha mwombe elfu hamsini leo. Ukikubali sharti lake, umempa mtu mwingine mamlaka juu ya goti lako.

Mfano nitakaoutumia ni Kilimanjaro Marathon ya Moshi, iliyoanza 2003, kwa kuwa ndipo Watanzania wengi wanapoionja 42 kwa mara ya kwanza. Kuna mbio ambazo zenyewe zimeanzishwa kwa ajili ya kuchangia. CRDB Bank Marathon ya Dar es Salaam, kwa mfano, tangu 2020 imekuwa ikichangia matibabu ya moyo ya watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na kule ukilipa ada ya kushiriki tayari umechangia. Moshi ni tofauti: unakwenda na taasisi yako mwenyewe mfukoni, na hesabu zote ni juu yako.

Tuanze na njia, maana ratiba yote inatokana nayo. Mbio huwa mwishoni mwa Februari, miaka mingine mwanzoni mwa Machi, kipindi ambacho Moshi inawaka. Zinaanzia na kuishia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, na kwa miaka mingi 42 zimeanza saa 12:30 asubuhi. Nusu ya kwanza unatoka kuelekea barabara ya Dar es Salaam na kurudi mjini. Hakuna mlima wa kutisha, hewa bado ina ubaridi, watu wanapiga picha. Ukirudi mjini ndipo shughuli inapoanza: unapanda kwenda Mweka katikati ya migomba na kahawa, kutoka mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya 1,100, karibu kilomita 11 za kupanda, na wakati huo jua limeshatoka. Halafu unageuza na kuteremka hadi uwanjani. Watu wanaoishia njiani huwa wamejimaliza kwenye ile nusu ya mwanzo, ingawa miguu inakuja kugoma Mweka. Kila dakika unayoiiba kwenye tambarare utadaiwa mara tatu kwenye mlima.

Kwa anayeanza, hesabu ya kweli ni hii: kilomita 21 za mwanzo kwa dakika 7 na nusu kila moja, yaani muda wa saa 2 na dakika 38. Kupanda, ukichanganya kutembea na kukimbia taratibu, dakika 10 kwa kilomita, karibu dakika 110. Kuteremka dakika 8 kwa kilomita, dakika 81. Jumla ni karibu saa 5 na dakika 50. Angalia kwenye kanuni za mwaka huo muda wa mwisho wa kufunga njia, kisha panga kasi yako ili umalize kabla ya hapo. Hakuna aibu ya muda mrefu. Margaret Kenyatta, akiwa mke wa rais wa Kenya, alikimbia London Marathon tarehe 13 Aprili 2014 kuchangia kampeni ya Beyond Zero ya afya ya mama na mtoto, akamaliza kwa saa saba na dakika chache, na kliniki zinazotembea zilizotokana na kampeni ile zikaenda kwenye kaunti. Alikuwa amejipima kwanza kwa kilomita 21 jijini Nairobi mwezi mmoja kabla.

Mazoezi yanahitaji wiki 20. Kwa mbio za mwisho wa Februari unaanza wiki ya kwanza ya Oktoba, na unapoanza uwe tayari unaweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama. Kama bado, rudi nyuma hadi Agosti ujenge hizo 5 kwanza. Usizijenge ndani ya zile wiki 20. Mwezi huo wa kuanza nenda zahanati au hospitali upime presha, sukari na wingi wa damu. Mwenye historia ya ugonjwa wa moyo kwenye familia, mwenye sikoseli au vinasaba vyake, na aliyevuka miaka 40 bila kufanya mazoezi, aonane na daktari na amtajie wazi neno marathon, asiseme "nataka kufanya mazoezi kidogo". Ukipata malaria katikati ya ratiba, hesabu wiki mbili zimeondoka. Usikimbie na homa hata nusu kilomita, na ukirudi usijaribu kulipa kilomita ulizokosa.

Siku nne kwa wiki zinatosha. Jumanne kilomita 5 hadi 8 za taratibu. Alhamisi milima. Jumamosi 4 hadi 6 za kulainisha, au kutembea kwa kasi. Jumapili mbio ndefu, ambayo ndiyo moyo wa kazi nzima. Mbio ndefu za Jumapili ziende hivi, kwa kilomita, wiki ya kwanza hadi ya 19: 8, 10, 12, 9, kisha 13, 15, 17, 12, kisha 18, 20, 22, 15, kisha 24, 26, 18, 28, 30, 20, 12. Jumapili ya 20 ni mbio zenyewe. Utaona kila baada ya wiki chache namba inashuka. Hapo ndipo misuli na mifupa inajirekebisha. Anayeruka wiki za kushuka kwa sababu anajisikia vizuri ndiye anayeanza kulalamika ugoko mwezi wa Desemba. Ile ya 30 isizidi saa 4. Muda ukifika ukiwa kilomita ya 27, simama, imetosha. Hakuna haja ya kukimbia 42 kabla ya siku yenyewe: inachukua wiki tatu kupona na haikupi chochote ambacho 30 haijakupa.

Wiki ya 12 inaangukia Krismasi, na hapa Wachaga wana bahati yao. Ukienda nyumbani Moshi kwa sikukuu, zile kilomita 15 zifanye kwenye barabara ya Mweka yenyewe, kupanda na kushuka. Utajua kona, utajua kivuli kiko wapi, na zaidi utajua jinsi mteremko unavyotafuna misuli ya mbele ya paja. Watu wanaogopa kupanda, lakini kinachowafanya washindwe kushuka ngazi siku mbili baada ya mbio ni kuteremka. Unaposhuka, paja linafanya kazi ya breki kila hatua, na misuli ambayo haijazoeshwa breki inachanika kidogo kidogo. Zoezi lake ni kuteremka kwenye mazoezi: hatua fupi, za haraka, goti limepinda kidogo, usijitupe nyuma.

Wa Dar es Salaam wana Mlimani, ndani na kuzunguka chuo kikuu, na vilima vya Pugu. Alhamisi tafuta mlima wa mita 300 hadi 400, upande mara 4 mwezi wa Oktoba, mara 8 ifikapo Januari, ukishuka kwa kukimbia taratibu. Wa Zanzibar na wa Tanga mjini, ambako milima ni haba, watumie ngazi za jengo refu au daraja. Wa Arusha wana milima ya kutosha lakini hawana joto. Nao wakimbie walau Jumapili nne wakianza saa 2 asubuhi jua likiwa juu, maana mtu wa Dar anakuja Moshi akiwa ameshazoea kulowa jasho.

Kasi ya Jumapili ni ya mchakamchaka. Kama huwezi kuitikia wimbo, au kusema sentensi mbili kamili bila kukata pumzi, unakwenda mbio mno. Vikundi vya jogging vya mitaani vinafaa sana kwa kilomita za mwanzo, kwa sababu vinakulazimisha kuimba na vinakulinda barabarani. Tatizo lake ni kwamba vingi vinaishia kilomita 10 au 12 kisha supu. Kimbia nao, halafu endelea peke yako zinazobaki, supu utaikuta.

Jumapili za vuli na joto la Desemba anza saa 11 alfajiri. Kimbia upande wa kulia wa barabara ili magari yaje mbele ya macho yako, vaa kizibao chenye kuakisi mwanga, na kama ni mwanamke au unapita sehemu usiyoijua, nenda na mwenzako hata kama kasi zenu hazilingani. Njia ya kuzunguka ni bora kuliko ya kwenda na kurudi: mzunguko wa kilomita 5 au 6 unaopita nyumbani, au kwa Mangi wa duka anayefungua mapema, unatatua suala la maji. Weka noti ya elfu mbili au tatu kwenye kifuko cha nailoni ndani ya soksi, ya maji na ya boda ukikwama.

Kuhusu Ramadhani, kwa kuwa miaka hii inagongana na Kili: mwaka 2026 ilianza katikati ya Februari, na 2027 inatarajiwa kuanza mapema zaidi mwezi huo huo. Kukimbia 42 ukiwa umefunga, Moshi, Februari, si jambo la kujadili. Kuna ruhusa ya msafiri kufungua na kulipa baadaye, hilo muulize sheikh wako, lakini hata ukiipata, siku za mwisho za mazoezi zitakuwa ndani ya mfungo, na mwili utakwenda na maji pungufu. Maoni yangu ni kuchagua mbio za katikati ya mwaka. Lewa, kaskazini mwa Kenya, hukimbiwa Juni ndani ya hifadhi, na fedha zake zinakwenda kwenye uhifadhi, shule na zahanati za jirani. Ni barabara ya vumbi, kilomita 21 unazizunguka mara mbili, na milima yake nayo haina huruma.

Sasa maji na chakula, maana hapa ndipo makosa mengi yanafanyika kwa nia njema. Jipime: Jumapili moja ya joto, panda kwenye mizani bila nguo, kimbia saa moja bila kunywa, jifute jasho, panda tena. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Wengi wetu tunapoteza kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa saa. Usijaribu kuirudisha yote. Tumbo likiwa mbioni halipokei kiasi hicho. Mililita 400 hadi 800 kwa saa, kwa kufuata kiu, zinatosha.

Hatari iliyo kubwa kwa mkimbiaji wa saa sita kuliko kwa bingwa ni kunywa maji matupu kupita kiasi. Bingwa anamaliza kwa saa mbili na kitu, hana muda wa kunywa lita tano. Wewe unapita kila kituo, kila mtu anakuhimiza kunywa, na chumvi ya damu inashuka. Dalili ni vidole kuvimba hadi pete inabana, kichwa kuuma, kichefuchefu, kisha kuchanganyikiwa. Mtu wa namna hiyo akiongezewa maji anazidi kuharibika; apelekwe kwenye hema la matibabu mara moja. Kinga ni chumvi na kiasi. Mchanganyiko wa nyumbani ni ule ule wa mtoto anayeharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa kwa kisu. Au pakiti ya ORS kwenye lita moja. Madafu ni matamu na yana potasiamu nyingi, ila chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo usiyategemee peke yake.

Chakula njiani kilenge gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa kuanzia dakika ya 40, kabla hujahisi njaa. Ukisubiri njaa umechelewa: akiba ya sukari kwenye misuli na ini inakaribia kuisha mahali fulani kati ya kilomita 28 na 35, na kwa Moshi hapo uko Mweka. Tende ya kawaida ina gramu 5 hadi 7, ndizi mbivu ya wastani 25 au zaidi, soda ya mililita 300 karibu 30. Tende nne na nusu soda kwa saa zinafika. Soda ifunguliwe jioni ya kuamkia mbio na kutikiswa gesi itoke, la sivyo utakimbia ukicheua. Chochote utakachokula siku ya mbio kiwe kimeshaliwa kwenye Jumapili zisizopungua tatu. Tumbo nalo linafanya mazoezi.

Viatu. Mitumba ya soko la Memorial pale Moshi au Karume Dar inaweza kukupa kiatu kizuri kwa bei ya nusu au robo, ila jua kukikagua. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma: kikiinamia upande mmoja, mwenye kwanza alishakikunja kwa mwendo wake, kiache. Bonyeza sponji ya pembeni kwa dole gumba; ikiwa ngumu kama mbao au ina mikunjo mingi ya mlalo, imekufa, hata kama soli ya chini bado ina meno. Ndani ya ulimi kuna kitambulisho, mara nyingi chenye tarehe ya kutengenezwa. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, maana mguu unavimba kwenye joto na kwenye mteremko vidole vinagonga mbele. Kucha nyeusi za Mweka zinatokana na hapo. Kiatu kinatembea kilomita 500 hadi 800, na ratiba hii ni karibu 700, kwa hiyo jozi ya pili inunuliwe wiki ya 12 na uzipishanishe.

Kuna jambo la fulana ambalo taasisi nyingi zinakosea. Zinachapisha fulana nzito za pamba, nembo kubwa ya rangi ya plastiki kifuani, majina ya wafadhili mgongoni. Pamba ikilowa jasho inaning'inia na kusugua, na ile nembo haipitishi hewa kabisa, kwa hiyo kifua kinachemka nyuma yake. Ikifika kilomita ya 25 wanaume wanatokwa damu kwenye chuchu na hawaelewi kwa nini. Omba jezi ya kitambaa chepesi cha michezo, nembo ndogo upande wa moyo, na uipate mapema ili uifue na kukimbia nayo kilomita 20 kabla ya siku yenyewe. Kama tayari wamechapisha ya pamba, ivae kwenye picha ya kabla na ya baada. Vaselini ipakwe kwapani, katikati ya mapaja, chini ya ukanda wa sidiria. Wanaume waweke plasta kwenye chuchu. Na fulana hizo zisilipwe kwa fedha za michango. Wala nauli yako, wala hoteli, wala ada ya kushiriki. Mchangiaji akijua shilingi yake imelala hotelini, hutampata tena.

Maumivu yako ya aina mbili. Ya misuli kuchoka yanaenea pande zote mbili na yanapungua ukishapasha mwili. Ya jeraha yako sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, upande mmoja, na yanabadilisha namna unavyokanyaga. Ya aina ya pili unasimama siku hiyo hiyo. Ugoko unaouma kwa ndani, kisigino kinachochoma hatua za kwanza asubuhi, nje ya goti panapowaka ukiteremka: yote haya yakipewa siku 5 hadi 10 za kupumzika mapema huwa yanatulia, na yakilazimishwa yanakula mwezi.

Kila Mtanzania anayeingia marathon ataambiwa habari za John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti Mexico City mwaka 1968, akafika uwanjani wa mwisho akichechemea, na kusema kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza. Ni fahari yetu. Lakini Akhwari alikuwa mwanariadha wa taifa kwenye Olimpiki. Wewe fedha za wodi zimeshafika benki, na Jumatatu unahitajika kazini. Kwa hiyo diclofenac na ibuprofen zikae nyumbani, siku ya mbio na usiku wake. Dawa hizo zinapunguza damu inayoingia kwenye figo, na figo za mtu aliyekimbia saa nne juani tayari zinahangaika. Ukiunganisha hayo mawili unaweza kuishia kwenye wodi uliyokuwa unaichangia. Panadol haina madhara hayo kwa figo, lakini kama unaihitaji ili uanze, usianze.

Turudi kwenye daftari. Kabla ya kutangaza chochote, pata barua ya taasisi iliyosajiliwa yenye mambo manne: kwamba inakujua na inakubali uchangishe kwa jina lake, fedha zitanunua nini hasa, zitaingia akaunti au Lipa Namba gani, na zikizidi au zikipungua zitafanywa nini. Usipokee kwenye namba yako binafsi hata kwa siku moja. Mtu anapolipa kwa simu, jina linatokea kabla hajaweka namba ya siri. Jina hilo liwe la hospitali. Muulize mhasibu makato ni kiasi gani, uyaingize kwenye lengo mapema.

Lengo livunjwe vipande. Kuuza kilomita kunafanya kazi vizuri. Tangazo linaweza kuwa fupi hivi: "Nakimbia Kilimanjaro Marathon, kilomita 42. Tunanunua vitanda vya wodi ya watoto, Sh 1,700,000. Kilomita za kupanda Mweka, ya 22 hadi ya 32, ni Sh 70,000 kila moja. Nyingine zote Sh 30,000. Jina litakalotokea ni la hospitali. Mwisho 15 Februari." Kilomita 11 za Mweka zinaleta 770,000, na 31 zilizobaki 930,000. Zile mita 195 za mwisho lipa wewe, na lipa wa kwanza. Mwenye elfu tano asiachwe: watu sita wanagawana kilomita moja, na mara nyingi ndio wanaokuja uwanjani kushangilia. Kilomita za Mweka huisha kabla ya zile za bei nafuu, usiogope kuziwekea bei.

Wakati wa kuomba ni muhimu kuliko maneno ya kuombea. Kila simu ya Mtanzania ina makundi ya harusi, ya send-off na ya msiba. Desemba mshahara unakwenda nyumbani na sikukuu. Januari ni ada za shule, na anayetangaza mchango Januari anajibiwa kwa emoji. Kwa hiyo anza na watu kumi wa karibu, mmoja mmoja kwa simu, baada ya mshahara wa Oktoba. Fungua kundi siku hizo hizo likiwa tayari na kilomita kumi zilizouzwa, kwa sababu hakuna anayependa kuchangia daftari tupu. Msukumo wa pili uwe baada ya mshahara wa Novemba. Desemba na Januari weka taarifa tu: picha ya Jumapili, kilomita zilizokimbiwa, kiasi kilichofika, bila kuomba. Wa mwisho uwe wiki ya kwanza ya Februari. Orodha ya waliolipa iwekwe kila Jumapili jioni, majina kwa ridhaa ya wenyewe. Aliyeahidi na hajatoa apigiwe simu pembeni, asitajwe kwenye kundi.

Wiki ya mwisho miguu iwe myepesi: Jumanne kilomita 5, Alhamisi 3, basi. Chumba cha kulala Moshi kiwe kimeshalipiwa tangu Novemba, kwa sababu wiki hiyo mji hujaa. Kutoka Dar safiri Alhamisi au Ijumaa. Ukishuka kwenye basi Jumamosi jioni baada ya saa tisa au kumi za kukaa, miguu inakuwa imevimba. Namba ya kukimbilia chukua mapema, usisubiri foleni ya mwisho chini ya jua. Jumamosi kula wali, ndizi au viazi mchana, chakula chepesi jioni, na achana na maharage, mbogamboga nyingi na maziwa. Hutalala vizuri usiku huo; kinachohesabika ni usingizi wa Alhamisi na Ijumaa.

Amka saa 9:30 usiku, kunywa uji au kula mkate na asali na chai isiyo na maziwa, nusu lita ya maji taratibu. Simama nyuma ya kundi, mbali na wale wa kasi. Kilomita mbili za mwanzo ziwe za taratibu hadi zikukere. Ukifika mjini nusu njia, jiulize kama unaweza kuimba. Kama huwezi, tembea kilomita nzima ya kwanza ya kupanda ukinywa na kula. Mweka tembea dakika 2, kimbia dakika 3, ukitazama saa wala si mlima. Mwaga maji kichwani na shingoni, usimwage kwenye viatu. Ukianza kuhisi baridi juani au nywele za mikono kusimama, hilo ni joto limeshakuzidi: kaa kivulini, omba msaada, mbio zimekwisha kwa siku hiyo.

Ukimaliza usikae chini mara moja, tembea dakika 10, kunywa ule mchanganyiko wa chumvi, kula ndani ya saa moja. Usipande basi la usiku kurudi Dar. Wiki ya kwanza usikimbie kabisa, ya pili kilomita 3 au 4 kama miguu inakubali. Ndani ya wiki hizo mbili ripoti itoke kwenye kundi, ukurasa mmoja: kiasi kilichopokelewa, makato, kiasi kilichofika, risiti ya taasisi, na picha ya vitanda vikishafungwa. Kama uliishia kilomita ya 29, liandike hilo kwa mstari mmoja, kisha endelea na vitanda.